Nina miraba 31 ya viraka, hakuna unaolingana na mwenzake. Nifanyeje iwe blanketi moja?

#1 Mama Bobini (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijalitupa hili furushi.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala Rangi Tatu (utani wa jina la kituo nimeshausikia wote, msijisumbue). Kwa miaka kadhaa nashona foronya na mikoba ya viraka vya vitenge. Kila kazi inaacha masalia, natupia kwenye kiroba. Jumapili nikakimwaga chote sakafuni. Achana na vitambaa vitupu, nazungumzia miraba ambayo tayari nimeshaiunganisha viraka, ikabaki tu. Nimehesabu 31.

Tisa ina inchi 12 na nusu. Hii ilikuwa ya foronya, mteja mwenye nyumba ya wageni akaghairi nikiwa nimeshashona nusu ya kazi na pesa ya kitambaa ni yangu. Kumi na moja ina inchi 10 na nusu, wameshona wanafunzi wangu walipokuwa wanajifunza kukutanisha kona, na mingine imepinda kama barabara ya Lushoto. Saba ni midogo, inchi 8 na nusu, ya mikoba. Minne ni mikubwa ya inchi 14, hiyo ni yangu ya mwanzo kabisa, enzi hizo nakisia tu kwa macho.

Rangi ndiyo usiseme. Kitenge cha kijani chenye mapapai, batiki ya zambarau, kanga, sare ya harusi ya mdogo wangu, hata kipande cha shati la ofisi. Binti yangu anaripoti chuo Mbeya na baridi ya kule mnaijua. Nataka nimtengenezee blanketi la kitanda cha 5 kwa 6. Nikiipanga sakafuni naona vurugu tupu. Nipunguze yote iwe inchi 8 na nusu sawa na ile midogo? Au niachane nayo?

#2 Kijana wa Jangwani

Mama, blanketi la dukani shingapi? Muda utakaopoteza hapo ungeshona sare za shule ukanunua mablanketi matatu.

#3 sina_pini

Kijana wa Jangwani wewe hujawahi kutupa kitu ulichokishona kwa mkono wako. Pita kimya.

Mleta uzi, hosteli za chuo kitanda ni futi 3. Hilo la 5 kwa 6 atajifunika yeye na wenzake wawili.

#4 Mama Bobini

Hahaha, amepanga chumba mtaani na mwenzake. Kitanda nimempa cha hapa nyumbani, kimeshasafirishwa.

#5 Mzee wa Chaki

Nimeshona suti na makoti Tanga kwa miaka mingi, sasa nimestaafu ila mkasi sijauweka chini. Dada, unahangaika na rangi, lakini rangi haijawahi kuharibu blanketi. Kinachoharibu ni vitambaa visivyo na tabia moja. Kipande cha pamba kikifuliwa kinarudi, cha poliesta hakirudi. Ukivishona pamoja, baada ya kufua mara mbili mraba unajikunja kama chapati iliyoungua pembeni. Batiki inachuja, shati jeupe linapokea. Kitambaa kizito kikivutana na chepesi, chepesi ndicho kinachochanika kwenye mshono. Hayo ndiyo yasiyolingana. Mapapai na zambarau yataelewana tu.

Kwa hiyo anza hivi. Kila aina ya kitambaa usichokijua, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha majivu laini yanayosagika. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mraba wenye poliesta nyingi weka kando, ufanye mto.

Halafu loweka. Lakini hiyo ni miraba ambayo haina pindo, ukiifikicha nyuzi zitachomoka mpaka mshono ufumuke. Tia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ikandamize taratibu, usiikamue, ilaze juu ya taulo, uanike kivulini ikiwa imelala. Ikikauka piga pasi kwa kukandamiza. Usiburute pasi, utaivuta ipinde zaidi. Ndipo upime upya, maana vipimo ulivyotuandikia vitakuwa vimebadilika.

Na usikate yote kwa kipimo cha mdogo. Hiyo ni kumkata mrefu miguu ili alingane na mfupi. Mdogo anaongezewa.

#6 Kijana wa Jangwani

Nimerudi. Kuchuja si unaweka chumvi na siki tu?

#7 Mzee wa Chaki

Kijana, hiyo imani ipo kila mtaa. Chumvi inasaidia wakati kitambaa kinatiwa rangi kiwandani au kwenye pipa la batiki. Kikishatoka na rangi yake, chumvi ya jikoni haiifungi tena. Dawa ni kukisuuza mpaka maji yatoke safi, basi. Ukitaka uhakika, kiweke kingali kibichi juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Kikiacha alama, bado. Kikiendelea kuacha alama baada ya kusuuza mara tano, hicho hakifai kukaa karibu na cheupe.

#8 Mtoto wa Likoni

Dadangu wa Mbagala, salamu kutoka Mombasa. Umesema waona vurugu tupu. Hebu nikukumbushe leso unayojifunga kila siku ilikotoka.

Nyinyi mwaita kanga, sisi twaita leso, na jina lenyewe ni la Kireno, la kitambaa cha mkononi. Hadithi tuliyorithi ni kuwa zamani, karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vya mraba vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye gora, wakachukua sita, wakavikata vitatu vitatu na kuviunga pamoja, vitatu juu vitatu chini. Vazi likawa hilo. Baadaye ndipo wafanyabiashara wakaanza kuagiza kitambaa kizima chenye pindo na mji wake, na majina yakaja. Ile alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla unayoiona kwenye leso nyingi hadi leo ni ya familia ya hapa hapa Mombasa, tangu 1887.

Kwa hivyo kuunga miraba isiyo ndugu si jambo geni kwetu. Ila nakuomba kitu kimoja: ukitumia leso, usilikate jina katikati. Mtu akilala chini ya maneno nusu atasumbuka usiku kucha akiyamalizia.

#9 Dada wa Ohio

Naishi Columbus, Ohio, na huku nimefundishwa haya mambo na bibi mmoja jirani yangu. Naunga mkono hoja ya Mzee wa Chaki ya kuongezea badala ya kukata, na nitakuambia nilipoielewa.

Kuna kijiji Alabama kinaitwa Gee's Bend, kimezungukwa na kona ya mto, wanaishi watu Weusi ambao mababu zao walikuwa watumwa kwenye shamba la pamba la hapo hapo. Wanawake wa kule walikuwa wanashona mablanketi kwa suruali za shambani zilizochakaa magotini na magauni yaliyoisha, kwa sababu nyumba za mbao zilipitisha upepo. Hawakuwa na kitambaa cha kuchagua. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa kushona, Freedom Quilting Bee, na mwaka 2002 mablanketi yao yakatundikwa ukutani kwenye Museum of Fine Arts ya Houston kama michoro. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatoa kwenye stempu.

Mtindo wao mmoja unaitwa Housetop, yaani paa la nyumba. Unaanza na kipande chochote katikati, unakizungushia ukanda pande zote nne, unazungushia mwingine, mpaka ufike unapotaka. Kipande cha kati kikiwa kidogo unazungusha mara nyingi, kikiwa kikubwa mara moja. Tatizo la vipimo linaisha lenyewe.

Na kuhusu vurugu: panga miraba sakafuni, panda juu ya stuli, piga picha kwa simu, halafu igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zinakudanganya macho. Ukiziondoa utaona iliyokolea imerundikana kona moja na iliyopauka kona nyingine. Hamisha mpaka madoa meusi yasambae. Mimi hiyo kazi nafanya siku mbili, naipita nikienda jikoni, nabadilisha mmoja, naendelea na chai yangu.

#10 Mama Bobini

Jamani asanteni. Nimechoma nyuzi zote, nyumba inanuka kama jalala. Shati la ofisi ni poliesta, nilijua tu. Bahati nzuri lilikuwa kwenye miraba miwili ya wanafunzi, nimefumua kile kipande nikaweka kitenge. Batiki imesuuzwa mara nne ndipo ikatulia.

Sasa Mzee wangu, nipe hesabu. Cherehani naijua, hesabu ndiyo inanitoa jasho.

#11 Mzee wa Chaki

Chukua karatasi.

Kitanda ni inchi 60 kwa 72. Tufanye kila mraba uwe na inchi 12 na nusu kabla ya kuungwa, ukishashonwa unabaki 12 kamili kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande. Panga mitano kwenda upana, sita kwenda urefu, ni 30. Katikati yake na pembeni kote weka ukanda wa rangi moja, ukatwe inchi 2 na nusu, ubaki 2. Upana: mara tano ya 12 ni 60, kanda sita ni 12, jumla 72. Urefu: mara sita ya 12 ni 72, kanda saba ni 14, jumla 86. Linaning'inia inchi 6 kila upande, na urefu wa ziada unachomeka chini ya godoro miguuni. Baridi ya Mbeya inaingilia miguuni.

Tisa ya 12 na nusu iache. Kumi na moja ya 10 na nusu izungushie ukanda. Kwa hesabu, ukanda wa inchi 1 na nusu unatosha, lakini usinisikilize kwa hesabu, wanafunzi wako wamepindisha. Kata inchi 2, shona pande zote, ndipo unyooshe kwa rula na chaki mpaka 12 na nusu. Ukanda unameza upinde, mraba unabaki umeinama kidogo ndani ya fremu yake. Saba midogo, kanda za inchi 3, vivyo hivyo.

Minne ya 14: gawanya kila mmoja mara nne, unapata vipande vya inchi 7. Nyoosha viwe 6 na nusu, vichanganye kama karata, unga vinne vinne. Sita na nusu mara mbili ni 13, toa nusu ya mshono, 12 na nusu.

Kitambaa cha kanda na fremu, pamoja na ukanda wa kuzungushia ukingo mwishoni, kikiwa na upana wa inchi 45 nimepiga ni yadi 3 na nusu na kidogo. Nunua 4. Kifuliwe kwanza.

#12 sina_pini

9 + 11 + 7 + 4 ni 31. Umepanga 30. Mmoja umepotelea wapi Mzee?

#13 Mzee wa Chaki

Haujapotea. Mleta uzi atautafutia kazi mwenyewe.

#14 Kijana wa Jangwani

Kitambaa cha kanda si achukue kaniki? Bei poa na imekolea.

#15 Mtoto wa Likoni

Kaniki itachuja mpaka blanketi zima liwe jioni. Mie ningesema merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa. Jina lake latokana na Wamarekani waliokuwa wakiileta Unguja kwa majahazi yao makubwa karne ya 19. Nguvu zake si za mchezo.

#16 Dada wa Ohio

Merikani kwa mwanafunzi? Mtindi na chai kila siku. Halafu ukanda mweupe unavuta macho kwenye ukanda wenyewe. Vitenge vinawaka vikizungukwa na rangi iliyokolea. Mimi ningechukua bluu ya usiku.

#17 Mwanafunzi wa Dharwad

Nimechelewa kuuona uzi. Nina maoni tofauti na Mzee, naomba asinichape.

Nilisoma Dharwad, Karnataka, kusini mwa India. Si mbali na pale, upande wa Haliyal na Yellapur, wanaishi Wasiddi. Ni watu wenye asili ya Afrika, wengi wao mababu zao walipelekwa kama watumwa na Wareno kupitia Goa. Ukikutana nao sokoni unaweza kumsalimia mtu kwa Kiswahili kabla hujakumbuka uko wapi. Ilinitokea, naye akanijibu kwa Kikonkani.

Wanawake wao wanashona blanketi la viraka linaitwa kawandi. Hakuna mraba, hakuna rula, hakuna cherehani. Wanatandika kitambaa cha chini, sari kuukuu kwa kawaida, wanaanza kwenye kona. Wanaweka kiraka, wanakunja ukingo wake kwa kidole, wanapitisha mshono wa mkono kupitia tabaka zote kwa pamoja. Wanazunguka ukingoni, halafu mzunguko wa ndani, halafu wa ndani zaidi, mpaka wakutane katikati. Kiraka kikiwa kidogo wanaweka kingine juu yake. Kwenye kona nne wanabandika pembetatu zilizokunjwa, wanaziita phula, maua.

Hoja yangu: mleta uzi anatumia yadi 4 za kitambaa kipya kuokoa mabaki. Hapo mabaki yamekuwa kisingizio. Kwa mtindo wa kawandi asingenunua hata kipande kimoja, na vipimo visingekuwa tatizo tangu mwanzo.

#18 Mzee wa Chaki

Sikuchapi. Ni ufundi mzuri, na ningependa kuuona. Lakini huyu dada ana miraba iliyokwisha kushonwa, yenye mishono nyuma, minene. Ukiikunja ukingo kwa kidole na kupitisha sindano ya mkono kwenye kona zenye tabaka sita za kitenge, vidole vitatoka damu kabla ya Ijumaa. Kawandi inafaa kwa kitambaa kitupu. Furushi lake lingine la vipande vitupu, hilo sawa.

#19 Mama Bobini

Jamani msigombane kwenye nyumba yangu. Mwanafunzi wa Dharwad umenigusa kwenye hizo yadi 4. Nimeenda Kariakoo nimechukua bluu yadi 2 tu, za kanda ndefu na ukingo. Fremu za miraba midogo nazikata kwenye mabaki mengine ya pamba yaliyokolea, kahawia, nyeusi, maruni, chochote.

Swali jingine, ndani niweke nini? Na nyuma?

#20 Dada wa Ohio

Ndani weka blanketi jepesi la zamani lililokwisha kufuliwa mara nyingi, haliwezi kurudi tena. Kwa Dar ningesema shuka kuukuu linatosha.

Nyuma kanga. Kanga moja ina karibu sentimita 150 kwa 110, yaani inchi 59 kwa 43. Doti moja haifiki. Doti mbili, vipande vinne, viwili viwili, unapata kama 118 kwa 86, unahitaji 92 kwa 78 ukiacha inchi 3 kila upande za kukatia mwishoni. Inatosha.

Usijaribu kushona michoro juu ya tabaka tatu kwa cherehani cha kawaida, shingo yake ni fupi na mzigo wote unakwama pale. Funga tabaka kwa pini zile za nepi, kila kiganja cha mkono pini moja. Badilisha sindano, namba 16, refusha mshono, legeza mguu wa cherehani, pita kwenye mishono ya kanda za bluu peke yake. Katikati ya kila mraba funga fundo la uzi mzito wa pamba, lishuke chini lirudi juu, fundo mara mbili. Anza katikati ya blanketi uende nje. Ukianza ukingoni, kanga ya chini inajikusanya katikati na huwezi kuinyoosha tena.

#21 sina_pini

Naweka kambi hapa. Tunasubiri mrejesho, na picha.

#22 Mama Bobini

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Limeisha jana saa 5 usiku, umeme ukiwa umeshakatika mara mbili. Namshukuru Mungu kwa cherehani cha mguu.

Yaliyoharibika kwanza. Mstari wa nne, kona hazikutani na mstari wa tatu, zimepishana karibu nusu inchi. Nilipima ukanda mmoja kwa tepu ya zamani iliyovutika, ile ya kitambaa. Nimefumua mara moja, ya pili nimeacha. Kanga ya nyuma imejikusanya sehemu moja, kwa sababu Dada wa Ohio alisema anza katikati na mimi nikaanza ninapotaka. Na fremu nyeusi ya mraba mmoja imechuja kwenye mapapai, sasa ni mapapai mabovu.

Minne ya 14 nilishindwa kuikata yote. Mitatu nimekata, nikaichanganya, hata siikumbuki tena ipi ilikuwa ipi. Wa nne una nyota niliyoshona wiki ile nilipouza foronya yangu ya kwanza, pembe moja ya nyota ni fupi. Hapo nikaelewa kwa nini Mzee alipanga 30. Nimeushona nyuma, juu ya kanga, upande mmoja nimeacha wazi uwe mfuko. Atawekea simu.

Jina la kanga halijakatika, Mtoto wa Likoni. Limekaa upande wa miguuni, kichwa chini. Nimeliona nilipomaliza.

Miraba ya wanafunzi ndiyo inayopendeza kuliko yote. Ile iliyoinama. Nilitaka kuificha pembeni, picha ya nyeusi na nyeupe ikaniambia iende katikati.

#23 Kijana wa Jangwani

Mama, nikitaka moja la 4 kwa 6 ni shingapi?

#24 Mama Bobini

Si ulisema blanketi la dukani?

#25 Kijana wa Jangwani

Nauliza tu mama. Nina mashati ya marehemu baba, yamo sandukuni, sijui yafanyweje.

#26 Mama Bobini

Pole mwanangu. Yachome nyuzi kwanza uniambie yanaacha majivu au kidonge. Kisha njoo inbox.